Seli za Kinga Ndani ya Ini: Kwa Nini Homa ya Ini Sugu Hukaa Kimya Huku Ikiumiza

Kwa kawaida mtu hagundui kuwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B kwa sababu ini limemuuma. Amekwenda kumchangia damu ndugu aliyelazwa, au amehudhuria kliniki ya wajawazito, au amepimwa kabla ya kuanza masomo ya uuguzi, ndipo anapoambiwa kuwa kipimo cha HBsAg kimeonesha maambukizi. Swali lake la kwanza karibu kila mara huwa hili: "Daktari, mbona siumwi?" Siku hiyo hiyo, wodini, hukosi kumkuta mgonjwa mwingine mwenye macho ya manjano na tumbo lililojaa maji, naye anauliza kinyume chake: "Mbona sikuwahi kuumwa kabla ya hapa?"

Maswali haya mawili yana jibu moja, nalo limo katika tabia ya seli za kinga zinazoishi ndani ya ini. Virusi vya homa ya ini aina ya B haviui seli za ini kwa nguvu yake vyenyewe. Kinacholiumiza ini ni mapambano ya kinga ya mwili dhidi ya virusi hivyo, mapambano yanayoendelea kwa miaka bila kufikia mwisho. Mhudumu wa afya na mgonjwa wakilielewa jambo hili, wataelewa pia kwa nini kujisikia mzima si ushahidi wa uzima, kwa nini kipimo kimoja hakitoshi, na kwa nini kuacha dawa ghafla kunaweza kuhatarisha maisha.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini sugu aina ya B, na milioni 50 walikuwa na aina ya C. Katika mwaka huo aina hizi mbili zilisababisha vifo vipatavyo milioni 1.3, na vingi kati yake vilitokana na sirosisi, yaani ini kujaa makovu, na saratani ya ini. Hapa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu watu 1,599 waliochangia damu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili ulionesha kuwa asilimia 8.8 walikuwa na HBsAg, na asilimia 1.5 walikuwa na dalili za maambukizi ya aina ya C. Hao walikuwa watu waliofika kwa miguu yao, wakijihesabu kuwa wazima kiasi cha kutoa damu.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 ukiwa na makao makuu yake Bariadi, ulikuwa na wakazi zaidi ya milioni 2 wakati wa Sensa ya 2022. Wengi wao ni wakulima na wafugaji, na mtu anayejisikia mzima huona vigumu kuacha shamba la pamba ili kwenda kupimwa ini lisilomsumbua. Makala haya yanalenga kueleza kwa nini safari hiyo ina maana.

Ini na walinzi wake

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo 1.5, na kila dakika hupitiwa na damu ipatayo lita 1.5. Takriban robo tatu ya damu hiyo hutoka kwenye utumbo, tumbo na wengu kupitia mshipa mkubwa uitwao vena ya lango. Iliyobaki huletwa na ateri kutoka moyoni. Maana yake ni kwamba chochote tunachokula, kiwe ugali, samaki au michembe, pamoja na mabaki ya bakteria wanaoishi utumboni, hupita kwanza katika ini kabla ya kusambazwa mwilini.

Kwa sababu hiyo ini limewekewa walinzi wengi. Wa kwanza ni seli za Kupffer, ambazo ni seli mlaji zilizojishikiza ndani ya vijishipa vya ini. Hizi peke yake ni zaidi ya asilimia 80 ya seli mlaji zote zinazoishi ndani ya viungo vya mwili. Kazi yake ni kumeza bakteria, chembe nyekundu za damu zilizozeeka na takataka nyingine. Wa pili ni seli za kuua za asili, zinazojulikana kwa kifupi kama seli NK. Katika damu ya kawaida seli hizi ni sehemu ndogo ya limfosaiti, lakini ndani ya ini zinaweza kufikia theluthi moja au zaidi. Wa tatu ni seli T, ambazo kila moja imefundwa kutambua adui mmoja mahususi. Kuta za vijishipa vya ini zina vitundu vidogo vingi, hivyo seli T iliyo ndani ya damu inaweza kupenyeza sehemu ya mwili wake kupitia kitundu na kuigusa seli ya ini moja kwa moja.

Pamoja na ulinzi huo wote, ini lina sifa ya pili inayoonekana kupingana na ya kwanza: lina uvumilivu mkubwa. Kama walinzi wake wangewasha vita kwa kila kitu kigeni kinachopita, ini lingeungua baada ya kila mlo. Hivyo seli za Kupffer na seli zinazojenga kuta za vijishipa hutoa kemikali za kutuliza, na mara nyingi huifundisha seli T kunyamaza badala ya kushambulia. Madaktari wa upandikizaji wanaujua vyema uvumilivu huu, kwa kuwa ini lililopandikizwa hupokewa na mwili mpya kwa urahisi kuliko figo au moyo. Uvumilivu huo unaotulinda kila siku ndio mlango ambao virusi vya homa ya ini hupitia.

Kwa nini virusi havifukuzwi

Mtu mzima mwenye kinga timamu akiambukizwa virusi vya aina ya B, uwezekano wa kuviondoa mwenyewe ndani ya miezi 6 ni zaidi ya asilimia 90. Mtoto mchanga anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa ana hali iliyo kinyume kabisa: takriban watoto 9 kati ya 10 hubaki na maambukizi sugu, yaani yanayodumu zaidi ya miezi 6 na mara nyingi maisha yote. Kwa mtoto anayeambukizwa kabla ya kufikisha miaka 5, hatari hiyo ni takriban theluthi moja. Virusi ni vile vile. Kinachotofautiana ni umri wa kinga inayovipokea. Kinga ya mtoto mchanga ingali inajifunza kipi ni cha mwili na kipi ni kigeni, nayo huwachukulia wageni hawa kama wenyeji.

Miaka inapopita, sababu nyingine mbili huongezeka. Kwanza, seli za ini zilizoambukizwa humwaga katika damu vipande vya ganda la kirusi visivyo na kitu ndani. Vipande hivyo ndivyo tunavyovipima kwa jina la HBsAg, na idadi yake huzidi virusi kamili kwa maelfu mengi. Kingamwili hujishughulisha kukamata maganda matupu, huku virusi vyenyewe vikiendelea kuzaliana.

Pili, seli T huchoka. Seli inayokutana na adui yule yule kila siku bila kumshinda huanza kuonesha juu ya ngozi yake protini zinazofanya kazi kama breki. Breki inayojulikana zaidi huitwa PD-1, iliyogunduliwa mwaka 1992 na kundi la Tasuku Honjo nchini Japani. Mwaka 2018 mwanasayansi huyo alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na James Allison wa Marekani, kwa kuwa kuzielewa breki hizi kumefungua njia mpya ya kutibu saratani. Katika homa ya ini sugu, seli T zinazomtambua kirusi huwa chache, dhaifu na zilizofungwa breki. Haziwezi kuvimaliza virusi, na bado haziachi kabisa kushambulia. Hali hiyo ya katikati ndiyo mwanzo wa madhara.

Jeraha hutoka wapi

Seli T yenye nguvu ina njia mbili za kupambana. Inaweza kuiua seli ya ini iliyoambukizwa, au inaweza kumwaga kemikali kama interferoni zinazovizuia virusi kuzaliana bila kuiua seli hiyo. Pale kinga inapofanya kazi vizuri, njia zote mbili hutumika kwa muda mfupi, virusi huondoka, na ini hujijenga upya likabaki bila kovu.

Seli T zilizochoka hushindwa kumaliza kazi, lakini kila zinapojaribu huita msaada. Kemikali zake huvuta kuelekea ini seli nyingine za kinga zisizomtambua kirusi kabisa: seli mlaji changa kutoka kwenye uboho, limfosaiti za kila namna, na seli nyingine nyeupe za damu. Seli NK nazo, zikichochewa, huua seli za ini na hata huziua baadhi ya seli T zilizobaki ambazo zingeweza kusaidia. Sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na umati huu usiojua unamtafuta nani.

Wazee wa Usukumani wanaukumbuka mwanzo wa sungusungu katika miaka ya 1980, wanavijiji walipojipanga wenyewe kuwakabili wezi wa ng'ombe. Mlinzi anayemjua mwizi kwa sura humkamata mapema na kijiji kikalala. Asiyemjua akipiga yowe kila usiku, watu wote hutoka na silaha gizani. Uzio huvunjwa, maghala hukanyagwa, majirani huumizana, na mwizi huyo bado yumo kijijini. Ndivyo ini linavyoishi katika vipindi vya homa ya ini sugu, isipokuwa kwamba hapa usiku hurudiwa kwa miaka 20 au 30.

Baada ya kila uharibifu huja ukarabati. Katikati ya vijishipa na seli za ini kuna seli nyota, ambazo wakati wa amani hutunza akiba ya vitamini A ya mwili. Mtaalamu wa anatomia Karl Wilhelm von Kupffer alizieleza mwaka 1876, ingawa jina lake baadaye lilibaki kwa seli mlaji. Seli nyota zikipokea kemikali za vita kutoka kwa seli za Kupffer na wenzake, huacha kutunza vitamini na kuanza kufuma nyuzi ngumu. Nyuzi chache ni kovu la kawaida. Zikifumwa mwaka baada ya mwaka, huligawa ini katika vinundu, huibana mishipa ya damu, na hiyo ndiyo sirosisi. Damu ikikosa njia hurudi nyuma: wengu huvimba, maji hujaa tumboni, na mishipa ya koo la chakula hupanuka hadi kupasuka, mgonjwa akatapika damu. Seli za ini zinazolazimika kuzaliana tena na tena, huku baadhi zikiwa zimebeba vipande vya DNA ya kirusi ndani ya DNA yake, ndizo hatimaye zinazoweza kugeuka saratani.

Mbona haya yote hayaumi? Nyama ya ini haina mishipa ya fahamu ya maumivu; maumivu hutoka kwenye utando wake wa nje unapovutwa na uvimbe. Tena ini lina akiba kubwa, na sehemu iliyo nzima hufanya kazi ya sehemu iliyokufa. Kwa hiyo mtu anaweza kulima, kuchunga na kucheza ngoma huku makovu yakijengwa. Hilo ndilo jibu la maswali mawili tuliyoanza nayo.

Kusoma majibu ya vipimo kwa jicho la kinga

Kipimo cha ALT hupima kimeng'enya kinachovuja kutoka ndani ya seli za ini zinapovunjika. Hakihesabu virusi, kinatueleza ukali wa mapambano ya siku hiyo. Hivyo kijana wa miaka 17 aliyeambukizwa utotoni anaweza kuwa na mamilioni ya virusi katika kila mililita ya damu na ALT ya kawaida, kwa kuwa kinga yake bado inavivumilia. Mkulima wa miaka 42 anaweza kuwa na virusi vichache zaidi lakini ALT iliyopanda, kwa kuwa kinga yake imeamka na ini liko vitani. Mgonjwa wa tatu, mwenye sirosisi ya muda mrefu, anaweza kurudi kwenye ALT ya kawaida kwa sababu seli zilizobaki za kuvunjika ni chache.

Tena mapambano haya huja kwa mawimbi. Mtu yule yule anaweza kuwa na ALT ya 25 mwezi Januari, 90 mwezi Mei na 28 mwezi Septemba. Aliyempima Januari peke yake atamwambia yuko salama. Ndiyo maana tunasisitiza vipimo vya kurudiwa, walau kila baada ya miezi 6 hadi 12 kwa mtu ambaye hajaanza dawa. Ikumbukwe pia kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, linahesabu ALT kuwa imepanda inapozidi 30 kwa mwanaume na 19 kwa mwanamke. Kiwango hicho ni cha chini kuliko kile cha 40 kinachochapwa kwenye fomu nyingi za maabara.

Makovu nayo yanaweza kukadiriwa hata pasipo na mashine maalumu. Chukua kiwango cha AST cha mgonjwa, kigawe kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara yako, zidisha kwa 100, kisha gawa kwa idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ikihesabiwa kwa maelfu. Mgonjwa mwenye AST ya 60, katika maabara ambayo kiwango cha juu ni 40, na chembe sahani 200, atapata 0.75. Hesabu hii huitwa APRI. Kwa mtu mzima, ikizidi 0.5 inaashiria makovu ya kutosha kumfanya astahili dawa, ikizidi 1.0 fikiria sirosisi. Mganga wa kituo cha afya mwenye majibu ya AST na picha kamili ya damu anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Yanayolikuta ini la mkazi wa Simiyu

Ini la mkazi wa mkoa huu mara nyingi lina zaidi ya vita moja. Katika vijiji vya Busega vilivyo ufukweni mwa Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo. Minyoo yake huishi katika mishipa ya damu ya utumbo, na sehemu ya mayai yake huchukuliwa na vena ya lango hadi ndani ya ini na kukwama humo. Yai lenyewe ni dogo na lisilo na nguvu, lakini seli za kinga hulizingira, seli nyota huamshwa, na kovu hufumwa kuizunguka mishipa. Hapa pia, kama ilivyo kwa homa ya ini, jeraha linatokana na jibu la mwili. Bara zaidi, huko Maswa na Meatu, kichocho kilichozoeleka ni cha mkojo, ambacho hushambulia zaidi kibofu kuliko ini.

Kwa mhudumu wa afya hili lina faida mbili. Mgonjwa wa ufukweni anayetapika damu asihesabiwe kuwa na kichocho peke yake kabla ya kupimwa HBsAg, wala kinyume chake. Pili, wengu uliovimba kwa sababu ya kichocho au malaria ya mara kwa mara hupunguza chembe sahani, na hivyo huweza kuipandisha APRI hata pasipo sirosisi. Hesabu hiyo isomwe pamoja na mgonjwa mwenyewe.

Virusi vya UKIMWI huongeza ugumu. Vinapopunguza seli T saidizi, kinga hupoteza uongozi wake, virusi vya homa ya ini huongezeka, na makovu hujengwa kwa kasi zaidi. Bahati njema ni kwamba dawa za mchanganyiko zinazotumika sasa, tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, zina mbili za kwanza zinazopambana pia na virusi vya aina ya B. Mgonjwa mwenye maambukizi yote mawili asibadilishiwe dawa na kuondolewa tenofoviri bila daktari kulifikiria ini. Pia katika majuma ya mwanzo ya dawa, kinga inapofufuka, ALT inaweza kupanda kwa sababu walinzi wamerudi kazini; mgonjwa huyo afuatiliwe kwa karibu.

Yapo pia mambo ya nyumbani. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu huwa na sumukuvu, ambayo pamoja na virusi vya aina ya B huzidisha sana hatari ya saratani ya ini. Pombe, hasa gongo, huziamsha seli za Kupffer na kuongeza moto juu ya moto. Dawa za mitishamba zisizojulikana kiasi wala viambato vyake zinaweza kuua seli za ini moja kwa moja. Tusimkemee mgonjwa aliyezitumia. Tumwombe ataje alichokunywa, ili tujue tunatibu nini.

Dawa hufanya nini, na kuziacha huleta nini

Tenofoviri, na mwenzake entekaviri, huvizuia virusi vya aina ya B kutengeneza nakala mpya. Haviondoi kabisa. Ndani ya kiini cha seli ya ini hubaki DNA ya kirusi iliyofungwa kama pete, ambayo dawa hizi haziifikii. Hata hivyo, nakala zikipungua, wito wa vita hupungua, umati wa seli za kinga hutawanyika, na ini hupata nafasi ya kupona. Katika utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 348 walichukuliwa vinyama vya ini kabla ya tenofoviri na baada ya miaka 5 ya kuitumia. Kati yao 96 walianza wakiwa na sirosisi. Baada ya miaka hiyo, 71, yaani asilimia 74, hawakuwa nayo tena. Miaka ya nyuma wengi tuliamini kuwa kovu la ini halirudi nyuma.

Kutokana na maelezo hayo, hatari ya kuacha dawa ghafla inaonekana wazi. Virusi hurudi kwa wingi kutoka kwenye ile pete, na hukutana na seli za kinga ambazo zilipata mapumziko na kurudishiwa sehemu ya nguvu. Shambulio linalofuata linaweza kuwa kali kuliko la awali, na kwa mwenye sirosisi linaweza kumaliza akiba yote ya ini ndani ya majuma machache. Mgonjwa anayejisikia vizuri kwa sababu ya dawa huona ndiyo sababu ya kuiacha. Tumweleze siku ya kwanza, na turudie kila anapokuja.

Hatari inayofanana na hiyo hutokea kwa mlango mwingine. Prednisoloni ya muda mrefu, dawa nyingi za saratani na dawa za kupunguza kinga huwafunga walinzi mikono. Virusi huzaliana kwa uhuru, na dawa hizo zinapoachwa, kinga huamka na kukuta seli nyingi za ini zimeambukizwa. Kabla ya kumwanzishia mtu tiba ya namna hiyo, apimwe HBsAg.

Aina ya C ina habari tofauti. Vidonge vya kisasa, kwa mfano sofosbuviri pamoja na daklataziviri kwa wiki 12, huwaponya zaidi ya watu 95 kati ya 100, kwa kuwa kirusi hiki hakina pete ya DNA ya kujificha. Lakini seli T zilizochoka kwa miaka mingi hazirudi zote katika hali yake ya mwanzo, na aliyepona anaweza kuambukizwa tena. Aliyekwisha kuwa na sirosisi aendelee pia kuchunguzwa saratani ya ini hata baada ya kupona virusi.

Kumkinga mtoto, kuipima familia

Kama umri wa kuambukizwa ndio unaoamua nani atabaki na virusi maisha yote, basi kinga kubwa kuliko zote ni ya mtoto. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini aina ya B katika chanjo za watoto mwaka 2002, na tangu 2009 imekuwa sehemu ya chanjo ya mchanganyiko wa magonjwa matano inayotolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo, ambao leo ni wazazi, hawakuipata utotoni. Shirika la Afya Duniani linashauri pia dozi ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kwa sababu chanjo hiyo ya mapema huifundisha kinga ya mtoto kumtambua kirusi kabla hajazoeleka kama mwenyeji. Mama mjamzito mwenye virusi 200,000 au zaidi kwa mililita hupewa tenofoviri wakati wa ujauzito ili kupunguza hatari ya kumwambukiza mtoto. Mama mwenye virusi vya aina ya B anaruhusiwa kunyonyesha.

Mtu mmoja akigundulika, apimwe mwenzi wake, watoto, wazazi na ndugu wa tumbo moja. Wasio na maambukizi wala kinga wachanjwe. Virusi hivi hupita katika damu na majimaji ya mwili: kwa kujamiiana, kwa sindano, kwa wembe mmoja unaotumika kunyoa au kuchanja chale watu wengi, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Havipiti kwa kula sahani moja, kushikana mikono wala kukaa kikao kimoja. Mgonjwa anayetengewa sahani yake huongezewa aibu, na aibu humfanya afiche kadi yake na kukosa kliniki.

Yatupasayo kufanya

Mhudumu wa afya, unapotoa jibu la HBsAg lenye maambukizi, usiishie kusema "usiwe na wasiwasi" wala "hakuna dawa". Mpime ALT, AST na picha kamili ya damu, pamoja na VVU, kokotoa APRI, muulize kuhusu familia, pombe na dawa anazotumia, mpe rufaa ya kipimo cha wingi wa virusi na cha ultrasaundi panapohitajika, iwe hapa mkoani au Bugando, Mwanza. Kisha mwandikie tarehe ya kurudi kwenye kadi, hata kama majibu yote ya leo ni mazuri.

Nawe mgonjwa, itunze kadi hiyo pamoja na majibu yako yote ya nyuma, maana daktari anahitaji kuyaona yakiwa yamepangwa kwa miaka ili ajue kama ini lako limo katika utulivu au katika vita. Kama umeanza dawa, usisubiri kopo liishe ndipo upange safari ya kliniki. Kama hujaanza, rudi siku iliyoandikwa, ukiwa mzima, ukiwa na nguvu zako, na uje na mwenzi wako.